Uso Niliouchoma

Makindu, siku moja kabla ya safari yako

Wambua,

Jana mezani, mbele ya mama yako na wageni wa kanisa waliokuja kukuombea safari, ulisema kwamba ukimkuta baba yako kwenye barabara za Kampala utampita kama unavyopita mti. Watu wakacheka. Wewe ukajiongezea chai. Nakuambia leo, huo mdomo ufunge. Hujui unachosema. Aliyekufanya usijue ni mimi Susu yako, mama mzazi wa baba yako, lakini hiyo si ruhusa ya kumtukana mzazi hadharani huku unatafuna mandazi.

Hutamkuta. Baba yako alikufa. Alikufa Kampala mwaka ule wa vita, jenerali wao alipofukuzwa, wewe ukiwa darasa la nne. Na mimi nimejua hivyo kwa miaka kumi na miwili na zaidi, nikinyamaza.

Kama umesimama, keti.

Sitakuandikia mambo ya soksi, wala ya kuchemsha maji ya kunywa, wala mahali pa kuficha karatasi za kusafiria. Mama yako ameshaandika orodha na kuibandika ndani ya kifuniko cha sanduku lako. Yeye anajua mambo ya safari. Mimi ninajua mambo mengine, na nimechelewa kuyasema.

Kuandika kwenyewe sijui vizuri. Nilisoma miaka mitatu kwa mishonari, tukafundishwa kusoma Biblia na kushona vifungo, basi. Kiswahili nilikiokota hapa steshoni ya Makindu nilipokuwa mjane kijana, nikiuza mayai ya kuchemsha kwenye madirisha ya treni ili baba yako asome. Ningekuandikia Kikamba, lakini Kikamba chako wewe, mtoto wa hoteli ya kina mama yako, ni cha kuombea maji tu. Kwa hiyo vumilia makosa. Na usinisahihishe. Nimekaa nyuma ya stoo tangu asubuhi, wanadhani nachagua mbaazi.

Wewe unaitwa Wambua kwa sababu ya mume wangu. Ndiyo maana tangu uzaliwe nakuita mume wangu, na ulipofika darasa la saba ukaja kuniomba kwa heshima nisikuite hivyo mbele ya marafiki zako. Niliendelea. Sasa nikueleze huyo mwenye jina.

Alichukuliwa keya, jeshi la Mwingereza, mimi nikiwa na mimba ya miezi minne. Mama yake alikuwa mganga, mtu wa kibuyu na mbegu za kutazamia, na asubuhi ile ya kuondoka alimfunga hirizi ya ngozi juu ya kiwiko cha kushoto. Akapelekwa vitani Bama, ng'ambo ya bahari. Hakurudi. Ilikuja karatasi kwa chifu, chifu akanisomea akiwa amekaa juu ya baiskeli. Picha yake hatukuwa nayo hata moja, nani angempiga picha Ikutha siku hizo. Mtoto alizaliwa kabla ya karatasi hiyo, tukamwita Mwanzia, mtu wa njiani, kwa kuwa baba yake alikuwa safarini. Huyo ndiye baba yako.

Baba yako alichora kabla hajajua kuongea sawasawa. Alichora na mkaa kwenye ghala, nikampiga. Alichora kwenye kibao cha kanisa, mwinjilisti akampiga, nami nikampiga tena tulipofika nyumbani. Mimi nilitaka awe karani wa reli, mwenye kofia. Yeye mwalimu wake akamwona, akampeleka mbele, na mbele ya mbele ikawa ni Kampala kusomea kuchora. Nilipoambiwa kuna watu wazima wanasomea kuchora nilidhani ninachezewa. Nikamwambia kuchora ni kazi ya mtoto aliyekosa mbuzi wa kuchunga. Alicheka. Alikuwa anacheka kwa upole, hata ukimuumiza.

Kampala nilikwenda mara moja. Baba yako alikuwa amemaliza masomo, wamempa kazi katika ile nyumba ya kuonyeshea picha unayokwenda wewe kesho kufanya kazi, akanitumia tikiti ya treni. Ulikuwa mji wa kupendeza, sitaki kudanganya. Vilima vya kijani, mvua kila alasiri kana kwamba kuna mtu ameiagiza, na sisi kwetu Ikutha tukiangalia mawingu yakipita kwenda kunyeshea wengine. Ukutani hapakuwa na tundu la risasi hata moja.

Ndani ya nyumba ile nilikuta watu wamesimama kimya mbele ya kuta, mikono nyuma, kama wanaongoja kuhukumiwa. Nikamuuliza baba yako, kwa sauti yangu hii, kama kuna aliyefiwa. Kulikuwa na picha ya ng'ombe wa rangi ya samawati, nikasema huyo amekula kitu. Kisha nikalamba kidole, nikagusa picha moja nione kama rangi itatoka. Mlinzi wa mlango akaja mbio, mzee mwembamba wa kule kule Uganda, jina lake Kasozi. Akaniambia kwa Kiswahili kibovu kuliko changu, "Mama, huyo hajakukosea. Usimtie mate." Tukacheka mpaka nikatafuta mahali pa kukaa.

Halafu nikafika mbele ya picha ya bibi kizee, Mzungu, amefunga kitambaa kichwani, ananitazama usoni kama ananiuliza kitu. Nikauliza ni mama wa nani. Baba yako akasema hakuna anayejua. Alikufa zamani huko kwao, hata aliyemchora hajulikani. Nikasimama pale muda mrefu. Mwanamke asiye na jina anatazamwa kila siku na watu waliooga, na mume wangu niliyempikia, aliyekufia vita vya watu wengine, hana uso hata ndani ya nyumba yangu. Nikamwambia baba yako, mchore baba yako. Ni mimi niliyeomba. Hilo lishike.

Alikuja Krismasi. Tulikaa siku tatu, mimi nikipura kunde, yeye na mkaa na karatasi. Akauliza, pua ilikuwaje? Nikasema pua ya kawaida. Macho je? Nikasema ya mtu. Akaweka mkaa chini, akaniita mama kwa Kikamba chetu, akasema, "Mwaitu, hata chifu ana macho ya mtu." Lakini ni aibu, mwanangu, mama kumweleza mtoto uso wa baba yake. Yale niliyoyajua ya uso ule niliyajua kwa karibu mno. Siku ya kwanza akachora mjomba wake. Siku ya pili akachora karani wa posta. Siku ya tatu ulimi wangu ukafunguka. Nikamwambia meno ya mbele yalichongwa kama ya vijana wote wa wakati ule, lakini la kushoto lilivunjika siku ya kuchongwa, kwa hiyo alicheka akifunga mdomo upande mmoja. Nikamwambia nyusi ya kulia ina kovu, alianguka na mzinga wa nyuki. Nikamwambia akisikiliza mtu muongo uso ulitulia kama maji ya mtungi. Na nikamwambia asisahau ile ngozi kwenye mkono, kwa kuwa ndiyo kitu cha mwisho nilichokiona alipogeuka kwenye kona. Akachora. Nikatazama. Nikavuta leso usoni, nikaenda kwa mbuzi, na sikurudi mpaka jua lilipozama.

Akaenda nayo, akaifanya kwa rangi ya mafuta juu ya turubai, akaileta ikiwa na fremu. Tukaitundika ukutani Ikutha. Nilikuwa namsalimu nikitoka na kumsalimu nikirudi. Miaka mitatu nilikuwa mwanamke mwenye mume nyumbani.

Sasa nimefika pale nisipotaka kufika.

Kanisa letu lilikuwa linachagua mwenyekiti wa akina mama. Nilikitaka kile kiti, Wambua. Mjane kwa miaka karibu thelathini, muuza mayai, mkwe wa mganga, nilitaka siku moja watu wasimame nikiingia. Wanawake wakaja kwangu kwa ibada ya nyumbani. Mmoja wao, simtaji, ameshalala, akainua macho ukutani. Kisha akauliza, kwa ule upole wa mtu aliyepata kisu, hiyo ngozi mkononi mwa mzee ni nini? Wote walijua mama mkwe wangu alikuwa nani. Akasema, "Kumbe tumekuwa tukiomba chini ya kazi ya mganga." Walikunywa uji wangu nusu, wakaondoka.

Jumapili iliyofuata ilikuwa ya kutubu. Watu walileta vibuyu, pembe na hirizi za watoto, vikachomwa nyuma ya kanisa. Wengine walileta kibuyu kilichopasuka na kile kizima wakakiacha nyumbani, niliwaona. Mimi nilimleta mume wangu.

Niliibeba ile picha kichwani, uso ukitazama juu, nikapita nayo sokoni ingawa kuna njia ya mkato. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko moto wenyewe, kwamba nilizunguka ili nionekane. Rangi ya mafuta inawaka vibaya. Haiishi mara moja kama karatasi. Inavimba, inatoa moshi mweusi, na kwa jinsi nilivyoitupa ilisimama wima, uso ulikuwa wa mwisho kuondoka. Wanawake waliimba. Nilichaguliwa. Nikakalia kile kiti miaka miwili, na kazi yake kubwa ilikuwa kupanga nani ataleta sufuria.

Mwezi wa kumi na mbili baba yako akaja. Hakuja kutembea. Alikuwa amepata nafasi ya kufundisha kuchora katika shule ya sekondari huko Kitui, amewaaga watu wa Kampala, amemwambia mama yako Wangari kwamba sasa mtaishi pamoja. Wewe ulikuwa na miaka mitatu. Aliingia na sanduku lake la brashi begani, akatazama ukutani, akaona pale mahali peupe pa mraba. Nikamweleza nikiwa nimesimama, kidevu juu, kama ninayetoa ripoti.

Aliuliza kitu kimoja tu, kama ilikuwa kwa sababu ya ile hirizi. Nikasema ndiyo.

Akasema, "Mwaitu, ungeniambia. Ningeifunika kwa rangi. Ni kazi ya dakika kumi."

Nami nikamjibu, "Mungu anaona hata chini ya rangi."

Hakupiga kelele. Aliomba maji, akanywa, akarudisha kikombe mezani taratibu. Sanduku lilikuwa bado begani, hakuwa amelitua. Akatoka.

Mimi nimeishi na hizo dakika kumi kwa miaka ishirini. Nikipika ziko, nikilala ziko. Wewe umesomea kushona picha zilizoraruka na kusafisha zilizochafuka, unajua kuliko mimi kwamba vitu vingi vinarekebishika. Mimi sikujua. Nilidhani kitu chenye doa dawa yake ni moto. Na sasa nikikusikia ukizungumza juu ya baba yako naona ni mimi ninayezungumza, kidevu juu, kiberiti mkononi.

Alipita hapa Makindu akakubeba, akamwambia mama yako kazi ya Kitui imeharibika, anarudi Kampala kutafuta nyumba, ataandika. Unajua kina mama yako walitoka Nyeri wakafungua hoteli hapa, na baba yako alimpata mama yako pale pale kaunta akingoja treni. Babu yako wa upande huo alikubali mjukuu lakini mkwe alimkataa. Alisema hakuzaa binti amlishe Mkamba mchora picha. Barua yoyote yenye stempu ya Uganda angeitia motoni. Kwa hiyo wakakubaliana, baba yako na mama yako, kwamba barua zitapitia kwangu Ikutha, kwenye sanduku la posta la kanisa. Mimi ndimi niliyekuwa daraja.

Barua ya kwanza ilikuja mwezi wa tatu. Ndani yake kulikuwa na bahasha nyingine imefungwa, jina la mama yako juu. Kwangu aliandika mistari michache tu. Amepata nyumba ya vyumba viwili, Wangari aje na mtoto, tafadhali Mwaitu mpelekee hii haraka.

Sikumpelekea.

Nimejitafutia sababu nyingi katika miaka hii, na nyingine ni nzuri hata zinanidanganya mwenyewe. Lakini ukweli ni huu. Wambua mmoja alikwenda nchi ya mbali akabaki huko. Sikutaka wa pili aende. Nilitaka ukue mahali ninapoweza kukuita mume wangu ukasikia. Nikaiweka ile bahasha kwenye mkebe wa majani ya chai, nikajiambia nitaipeleka wiki ijayo. Kisha wiki zikawa nyingi kiasi kwamba kuipeleka kungekuwa kujitangaza.

Mama yako akaja Ikutha, wewe mgongoni mwake ingawa ulikuwa mkubwa wa kutembea. Aliuliza kama kuna barua. Nikasema hakuna. Akaja tena baada ya mavuno. Mara ya tatu hakuuliza, alikaa tu akinisaidia kuchambua maharagwe, na mimi, bila kuinua uso, nikasema nimesikia amepata mwanamke mwingine kule. Mkono wake ulisimama juu ya ungo. Kisha ukaendelea kuchambua. Hakulia mbele yangu, na mimi nikamsifu moyoni kwamba ni mwanamke jasiri. Hebu fikiria. Nikamsifu.

Barua ya pili ya baba yako haikutaja mama yako. Nadhani aliamini amekataliwa. Iliniomba jambo moja. Alisema ameanza ile picha upya, ya baba yake. Koti analikumbuka, mkono anaukumbuka, lakini uso umempotea, kila akijaribu anapata mtu mwingine. Aliandika, "Niandikie tu jinsi alivyokuwa akicheka, Mwaitu, mengine nitayatafuta."

Nilikaa na kalamu siku nyingi. Kumwandikia ule uso kungekuwa kukiri kwamba sikupaswa kuuchoma, na mwenyekiti wa akina mama hakosei. Sikujibu. Akaandika mara ya tatu, akiuliza hilo hilo kwa maneno machache zaidi. Sikujibu. Kurudi hakurudi. Ukaidi ule aliunyonya kwangu.

Kisha vita vikafika Kampala. Tulisikia kwenye redio ya babu yako hapo hotelini, nilipokuja kuwatembelea, madereva wa malori wakieleza maduka yaliyovunjwa, watu wakibeba hata milango. Mwaka uliofuata dereva mmoja akashuka Ikutha akiuliza mama yake Mwanzia. Alikuwa na barua kutoka kwa Kasozi, yule mlinzi. Nilimpa chai dereva, nikaenda kusoma nyuma ya nyumba, herufi kwa herufi.

Kasozi alisema askari walipoanza kukimbia mji, yeye na baba yako walizishusha picha mbili mbili, wakazipanga kwenye stoo ya chini na kuzizibia kwa magunia ya makaa. Watu walikuwa wanachukua fremu ziwe kuni. Walifanya kazi siku mbili bila kulala. Siku ya tatu zilibaki chache, Kasozi akamwambia inatosha. Baba yako akasema anarudi juu mara moja, kuna bibi kizee bado hajateremshwa. Alipigwa risasi kwenye ngazi akiwa amembeba. Ni nani aliyepiga, Kasozi hakujua, wote walikuwa na bunduki. Alimzika katika shamba lake mwenyewe, chini ya migomba, akamfunika na koti lake la kazi. Na mwisho aliandika, bila kunilaumu maana hakujua, kwamba mwanangu alikuwa akipita posta kila wiki kuulizia barua yangu, na kwamba ile picha ya baba yake iko salama, bado haina uso.

Dereva aliniuliza kama ni habari njema. Nikamwambia ni salamu.

Hatukumlilia, Wambua. Hakuna aliyekesha, hakuna aliyeimba, mama yako hakufunga kitambaa cheusi. Nilifunga nyumba Ikutha nikahamia hapa, mkadhani nimekimbia ukame. Nilikuja kukaa karibu na makosa yangu. Nilikuosha miguu, nikakupeleka shule, nikakusikia mwaka hadi mwaka ukijifunza kumchukia, na kila mara nilisema moyoni, akimaliza mtihani nitamwambia.

Wiki iliyopita ukanionyesha kile kijitabu cha ile nyumba ya picha. Unakumbuka niliinuka nikaacha chakula. Ulikuwa umefungua ukurasa mmoja, ukasema, "Susu, hii ndiyo picha iliyonifanya nisomee kazi hii." Askari Bila Uso. Mchoraji hajulikani. Ukanisomea maelezo ya wasomi, kwamba mchoraji aliuacha uso wazi kuonyesha jinsi vita vinavyomfuta mtu, na ulikuwa unaeleza kwa mikono kama mhubiri. Nikakuuliza kama mkono wa kushoto una kitu. Ukainamia karibu, ukasema kuna kama kipande cha ngozi, wataalamu wanadhani ni bendeji.

Si bendeji. Na vita havikufuta uso ule. Uliachwa wazi na mwanamke wa Ikutha aliyekataa kujibu barua. Kasozi lazima amekufa, la sivyo angewaambia jina, naye hakuwa mtu wa kunyamaza.

Sasa utaniambia, Susu, eleza basi huo uso, nimalize kazi ya baba yangu. Nimejaribu wiki nzima. Nikifumba macho naona ile picha niliyoichoma, moto ukiwa umefika kidevuni. Mtu mwenyewe simwoni tena. Jino nimekuandikia, kovu nimekuandikia, na zaidi ya hapo sina. Usijitazame kwenye kioo pia, hufanani naye hata kidogo, masikio yako ni ya Nyeri moja kwa moja. Uuache ule uso jinsi alivyouacha. Usiruhusu mtu aujaze, hata akiwa profesa. Wewe waambie tu waondoe lile neno hajulikani na waandike Mwanzia wa Wambua, wa Ikutha. Kisha tafuta shamba la Kasozi, watu wake watakuwepo, ukae pale kidogo na umwombe msamaha kwa yale ya jana. Yangu nitamwomba mwenyewe nikifika aliko.

Lakini hayo ni ya Kampala. Kuna moja la leo, na ndilo nimekuwa nikilikimbia kwa kurasa hizi zote.

Mama yako amekataa wachumba wawili. Mmoja alikuwa mtu mzuri, fundi wa reli, mpole. Sijui kama alikuwa anamngoja baba yako au amemchukia kiasi cha kutotaka mwanamume mwingine, na mimi ndiye nisiye na haki ya kumuuliza. Mara mbili nilifungua mdomo nimwambie. Mara ya pili nilikuwa na homa, yeye amepiga magoti ananinywesha uji, na nikashindwa kuyatoa maneno haya mbele ya kile kijiko. Kwa hiyo nimeyaandika, na nakutwika wewe, kwa sababu mdomo wangu ni hodari kwa kugombeza tu.

Pamoja na karatasi hizi kuna bahasha ndogo ambayo haijafunguliwa, jina la mama yako liko juu kwa mwandiko wa baba yako. Si yako, usiipapase. Mama yako yuko jikoni anakukaangia chapati za safari. Nenda sasa hivi, ondoa kikaango motoni, mkalishe. Mpe bahasha yake kwanza, umwache aisome peke yake mpaka aimalize. Kisha umsomee hii yangu kwa sauti, yote, na usiruke mahali panaponiaibisha. Mimi nitakuwa nimekaa pale mlangoni. Akisema niondoke, usinitetee. Chukua mkeka wangu uniwekee nje, urudi ndani ukae na mama yako.